Ushauri: globu za wati 400 zinakufa mapema ncha zikiwa nyeusi, godauni la mkonge Tanga

Fundi_Mabawa
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga, nahudumia godauni moja la mkonge nje kidogo ya mji. Juu kuna taa 18, zilikuja na globu za sodiamu za wati 400, ule mwanga wa njano kama chai ya rangi. Mwaka jana tajiri akasema anataka mwanga mweupe, maana wapanga madaraja ya ubora hawaoni vizuri rangi ya singa, yaani nyuzi za mkonge. Nikanunua metali halaidi, wati 400 vilevile, soketi ileile kubwa. Zikawaka vizuri, kila mtu akanisifu.

Miezi minne tu, zimekufa saba. Kioo cha nje ni angavu, kwa hiyo kale kachupa ka ndani kanaonekana: kamekuwa keusi huku na huku, na katikati kamevimba kama kameumwa na nyuki. Moja ilipasuka usiku, bahati nzuri vipande viliangukia sakafuni.

Halafu taa nne za getini, za sodiamu, sikuzigusa kabisa, nazo zinakufa ncha zikiwa nyeusi, ila hazivimbi. Muuzaji anasema umeme wa Tanga mbovu. Mimi nashuku elektrodi, vile vijiti vya ndani vya umeme, za siku hizi ni feki. Nani anajua hivi vitu vinatengenezwaje ndani?

WajaLeo
Globu za Tanga hizo, waja leo waondoka leo 😂

Kibo_LED
Weka LED mkuu, uzi ufungwe.

Fundi_Mabawa
Kibo, LED 18 za godauni unazilipia wewe? Tajiri ameshasema bajeti ni mwakani.

Babu Choki
Mwanangu, kabla hujamlaumu aliyetengeneza globu, soma maandishi ya kwenye choki, ile koili nzito inayobana mkondo wa globu. Niandikie ampea zake. Halafu soma boksi la hiyo globu nyeupe, niandikie ampea zake pia. Wati niachie, sizitaki.

Fundi_Mabawa
Shikamoo mzee. Choki imeandikwa 4.6 A. Boksi la globu 3.25 A. Ila mzee, nimebana klampu mita kwenye waya unaoingia kwenye taa nikapata 2.1 A tu. Kwa hiyo globu inapata umeme kidogo kuliko inavyotaka, si zaidi?

Babu Choki
Marahaba. Hiyo 2.1 imekudanganya. Umebana kabla ya kapasita. Kapasita inapunguza mkondo wa waya unaoingia tu, globu yenyewe haijui kama kapasita ipo. Bana waya uliopo kati ya choki na globu, taa ikiwa imeshawaka robo saa. Waya uwe na ganda zima, na usifungue kiungo chochote taa ikiwa inajaribu kuwaka, maana ignaita, kile kifaa cha kuwashia globu, inapiga kilovolti kadhaa. Nimeshaona multimita ikifa mkononi mwa kijana wa watu.

Mwl. Sahare
Wakati fundi anapanda ngazi, nijibu lile swali la ndani kukoje, maana nafundisha fizikia na jambo hili nalipenda.

Kila upande wa kachupa kuna kijiti cha tungsteni, na shingoni mwake kumezungushwa waya wa tungsteni kama springi. Tungsteni kwa sababu ndiyo metali inayoyeyuka kwa joto kubwa kuliko zote, nyuzi 3,422 za Selsiasi. Kazi ya kijiti ni kutoa elektroni ziingie kwenye gesi. Metali ikiwa baridi haitoi elektroni kirahisi, ikiwa ya moto sana zinachemka zenyewe na kutoka. Kwa hiyo ncha lazima iwe moto mkali, ila isifike pa kuyeyuka. Nafasi kati ya hayo mawili ni ndogo, na ndiyo shughuli nzima ya mbunifu wa elektrodi.

Kijiti kikiwa kinene mno, joto linakimbilia nyuma, ncha inabaki baridi. Kikiwa chembamba mno, ncha inayeyuka na kuwa tone. Unene wake unapangwa kwa mkondo utakaopita, yaani ampea. Ndiyo maana Babu hataki kusikia wati. Globu mbili za wati 400, moja ya ampea 3.25 na nyingine ya 4.6, ndani zina vijiti tofauti kabisa.

Mchomeleaji_Ngamiani
Mwalimu, hapo nimekuelewa kuliko nilivyoelewa darasani. Sisi tunaochomelea kwa argoni ncha yetu ni tungsteni hiyohiyo. Ukiweka ncha nyembamba ukapandisha ampea, inatoa kichwa kama cha kiberiti na moto unaanza kutangatanga. Zile zenye rangi nyekundu mkiani zina thoriamu, zinashika moto haraka kuliko za kijani ambazo ni tungsteni tupu. Kwenye taa nayo ipo?

Mwl. Sahare
Ipo, tena kwa sababu ileile. Thoriamu juu ya tungsteni inawapunguzia elektroni kizuizi cha kutoka, kwa hiyo ncha inafanya kazi ikiwa na joto dogo zaidi. Kwenye globu za zebaki na za sodiamu wanatumia dawa nyingine, michanganyiko yenye bariamu na kalsiamu, wanaipaka katikati ya mizunguko ya ile springi. Kwenye metali halaidi ile dawa ya bariamu haifai, maana mle ndani kuna chumvi za iodini na zingeila. Hivyo zile nyeupe huwekewa thoriamu, au zinaachwa tungsteni peke yake na mbunifu anategemea umbo la kijiti. Ndiyo maana metali halaidi ni nyepesi kudhurika kuliko sodiamu, haina akiba ya dawa ya kuisamehe.

Na kwa wenzetu wa argoni: nyie mnatumia umeme wa upande mmoja, tungsteni ikiwa hasi. Taa hizi zinakula umeme wa gridi wa hezi 50, kwa hiyo vijiti viwili vinapokezana zamu, mara 100 kwa sekunde upande unageuka. Ndiyo maana vinafanana. Taa za xenoni za mashine za sinema zilikuwa za upande mmoja, na ndani ungeona kijiti kimoja kimechongoka na kingine kinene kama kidole gumba. Ukigeuza waya wa taa ile, umeiua siku hiyohiyo.

Fundi_Mabawa
Nimerudi. Kati ya choki na globu: 4.3 A. Nimepima taa tatu, zote zipo hapohapo. 😳

Babu Choki
Basi mgonjwa amepatikana. Globu ya 3.25 inalishwa 4.3, karibu theluthi moja zaidi. Kama volti za globu ni 125 hivi, inakula karibu wati 480 ilhali imekatiwa 400. Ndiyo maana tajiri alifurahia mwanga wiki za kwanza! Ncha inayeyuka, tungsteni inapanda kama mvuke na kutua kwenye kioo. Kioo kikiwa cheusi kinabana joto, joto likizidi kwatsi, yaani kioo cha kachupa ka ndani, inalainika, na ndani kuna presha, kwa hiyo inavimba. Mwisho wa kuvimba umeshauona.

Angalia ile iliyokufa kwa lenzi, bila kuipasua. Niambie ncha ina umbo gani. Halafu angalia moja ya getini.

Mwl. Sahare
Na kweli usiipasue fundi, ina zebaki.

Fundi_Mabawa
Ya godauni: ncha ni duara kama shanga, na springi imeshikana, mizunguko ya mbele imekuwa kitu kimoja. Ya getini ni ngumu kuona, kile kibomba cha ndani ni cheupe kama kauri, ila kimeingia weusi ncha zote mbili. Ilikuwa inawaka, dakika kumi inazima, inasubiri, inawaka tena, usiku kucha.

Babu Choki
Ya godauni imeungua. Ya getini ina ugonjwa mwingine. Taa za getini zinawashwa mara ngapi kwa usiku?

Fundi_Mabawa
Mzee, umenifumania. Mlinzi ameambiwa abane umeme, tupo LUKU, umeme wa kulipia kabla. Lori likiingia anawasha, likipita anazima. Usiku wa mkonge mwingi anaweza kuwasha mara nane au kumi.

Mwl. Sahare
Hapo ndipo pazuri. Ukiwasha globu ya baridi, kijiti hakijapata joto, elektroni hazitoki. Kinachotokea ni mng'ao hafifu wa gesi, na volti kama mia mbili hivi zinaangukia palepale mbele ya kijiti. Ayoni za gesi zinavutwa na volti hizo, zinakipiga kijiti kama mchanga unavyopiga mlango kwenye kaskazi, kila pigo linabandua chembe. Chembe hizo ndizo weusi wako. Hali hii inadumu hadi ncha ipate joto na arki, yaani moto wa umeme wenyewe, ikamate, hapo zile volti za mbele ya kijiti zinashuka hadi kumi na kitu, kipigo kinakwisha.

Springi ipo hapo kwa ajili ya hicho kipindi. Waya wake ni mwembamba kuliko kijiti, unapata joto haraka, arki inaanzia juu yake kisha inahamia nchani. Taa ikishakolea, springi inafanya kazi ya pili, kumwaga joto ili lisiteremke hadi kwenye mshono, pale kijiti kinapopita kwenye kioo. Kwenye kwatsi mshono huo ni karatasi ya molibdenamu nyembamba kuliko ukurasa wa daftari, kwa sababu kijiti chenyewe cha tungsteni kinatanuka kuliko kwatsi na kingeipasua.

Kwa hiyo kila kuwasha kuna gharama yake. Masaa yanayoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kuwasha mara moja kisha kuiacha saa 10 au 11. Mlinzi wako kwa usiku mmoja anaitumia globu kama wiki nzima.

Babu Choki
Na huko kuwaka na kuzima kwenyewe ndiko kufa kwa sodiamu. Ncha nyeusi zinaongeza joto nyuma, mchanganyiko wa sodiamu na zebaki unatoa mvuke zaidi, volti za globu zinapanda hadi choki inashindwa kuibeba. Inazima, inapoa, inawaka tena. Itoe mapema, ikiachwa inakuua ignaita pia.

Mama_Mashua
Jamani nipo Bagamoyo, naomba niingilie. Metali halaidi ikivunjika kile kioo cha nje na cha ndani kikabaki kinawaka, ZIMENI. Kuna ukumbi mmoja huku kwetu ilitokea hivyo wakati wa ngoma ya usiku, watu wakaona maadamu inawaka basi ni nzima. Asubuhi tuliokaa chini yake macho kama yametiwa mchanga, mwanangu hakufungua jicho hadi alasiri.

Mchomeleaji_Ngamiani
Pole dada. Hayo ndiyo macho ya mchomeleaji anayejidai hana haja ya kinyago. Mwanga uleule.

Mwl. Sahare
Ndiyo huo. Kwatsi inapitisha miali ya urujuanimno, kioo cha nje ndicho kinachoizuia.

Fundi_Mabawa
Sasa nifanyeje? Tajiri mwanga wa njano hataki kuusikia.

Babu Choki
Zipo metali halaidi zilizokatiwa choki ya sodiamu, kijiti chake kinene, kwenye boksi zinaandikwa ampea 4 na ushee na zinataja kabisa kuwa ni za choki ya sodiamu. Tafuta hizo, na uhakikishe ignaita yako imekubaliwa na boksi. Au badilisha choki ziwe za 3.25 na ubaki na globu ulizonazo akiba. Mimi ningechukua ya kwanza, choki 18 ni uzito na hela.

Ila kuna jambo nimelinyamazia tangu mwanzo ili nisikutie kiwewe. Umesema ni godauni la mkonge. Kipande cha kwatsi kikitoka kwenye globu inayowaka kinadondoka kikiwa moto kuliko kaa la makaa. Vifuniko vya kioo vya chini vipo?

Fundi_Mabawa
Vilikuwepo. Vilitolewa siku za kusafisha, havikurudishwa.

Babu Choki
Chini ya taa zipi kuna marobota?

Fundi_Mabawa
Tano. Tatu ni marobota hadi karibu na dari.

Babu Choki
Zima mkondo wa hizo tano usiku huu huu, mwambie tajiri nimekutuma mimi. Subiri zipoe nusu saa, zitoe, vifuniko virudi kabla hujarudisha globu ya aina yoyote. Waliobaki gizani wapange madaraja mchana.

Fundi_Mabawa
Nimeshampigia mlinzi, ameshusha swichi. Nipo njiani na ngazi. Na mlinzi anauliza, zile za getini aziwashe moja kwa moja au aendelee kubana?

Mwl. Sahare
Awashe magharibi, azime alfajiri. Akilalamikiwa kuhusu LUKU, aonyeshe risiti za globu.