Tupeane uzoefu: kompyuta yako ya nyumbani iliingiwa na nini, na ulitokaje?

Wa Langoni, Lamu

Asalaam aleikum nyote. Leo ni siku ya tatu sijalala vizuri, nikaona bora niandike hapa kuliko kukaa nayo moyoni. Laptopu ya nyumbani imeingia virusi na si vile vya kuchezacheza, mafaili yote yamefungwa, picha, hesabu za duka la mama, na kibaya zaidi sauti za bibi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na tendi nyingi kwa moyo, nikawa namrekodi kwa simu usiku baada ya isha, mafaili 31 ya mp3, kisha nikayahamishia kwenye laptopu na kwenye simu nikayafuta kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Bibi ametangulia mbele ya haki mwaka jana.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilitaka programu ya kusafisha zile sauti maana upepo ulikuwa unaingia sana, ile ya kulipia sikuimudu, nikatafuta ya krak, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipa. Maelezo yake yakasema nizime antivairasi kwanza ndio ikubali kuingia, na mimi nikazima. Likaja dirisha kama la Windows ikijisasisha, asilimia zinapanda pole pole, nikaliacha nikaenda jikoni kukuna nazi. Kurudi nakuta kila faili limeongezwa herufi nne mwisho wa jina, na kila folda ina kijibarua kinaitwa _readme.txt, kwa Kizungu, kwamba nilipe dola 980, na nikiwahi ndani ya saa 72 wanipunguzie nusu, yaani 490. Bibi mwenyewe hajawahi kushika pesa hizo maishani mwake.

Fundi mmoja wa hapa mjini kaniambia nifomati, yaani nifute kila kitu, nianze upya. Moyo umekataa. Hebu kila mtu aseme yaliyomkuta, hata kama ni madogo, na alifanya nini mwanzo kabla ya kupeleka mashine kwa fundi, maana naona wengi wetu tunakimbilia kufomati kama ndio dawa ya kila kitu.

Mwalimu, Mokowe

Pole sana dada. Usifomati, hilo la kwanza. Wajuao zaidi yangu watakuja, lakini ngoja niseme langu.

Mimi nilipeleka flashi saiba kuchapisha mitihani ya muhula, kurudi nyumbani nachomeka naona folda zote zina mshale mdogo pembeni na kila moja ina KB 1 au 2 tu. Mwili ulinipoa, mitihani ya madarasa matatu na kesho yake ndio wanafunzi wanakaa. Nilikuwa karibu kuifuta flashi yote nianze kuandika upya usiku ule. Kumbe folda za kweli ziko pale pale, zimefichwa tu, na ile ya mshale ukiibofya inaamsha virusi kwanza halafu ndio inakufungulia folda yako, kwa hivyo wewe unaona mambo sawa na huku umeshaambukiza mashine. Ishara ni moja, angalia flashi imetumia nafasi ngapi, ikiwa inasema imejaa nusu na wewe huoni kitu ndani basi vitu vyako vipo.

Nilichofanya, nilifungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri, nikaandika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

(E ni herufi ya flashi yangu, yako yaweza kuwa F au G, tazama kwanza). Folda zikarudi zote. Nikafuta zile za mshale na skripti moja yenye jina la ajabu ajabu lililoishia na .vbs, kisha nikaskani flashi na kompyuta yote kwa Defender, antivairasi inayokuja na Windows, si flashi peke yake, kwa sababu ukisafisha flashi ukaacha kompyuta ukichomeka tena yanarudi yale yale, mimi yalinirudi mara mbili ndio nikaelewa. Siku hizi nikienda saiba natuma PDF kwa imeili, flashi sichomeki mashine ya watu.

Mama wa Kisumu Ndogo, Malindi

Dada wa Langoni pole na msiba na pole na hili. Mungu amrehemu bibi.

Langu lilimpata mzee wangu, ni mstaafu, kazi yake kwa kompyuta ni kusoma habari tu na kutazama mpira. Siku hiyo nasikia ving'ora chumbani, nakimbia nakuta skrini nzima nyekundu, sauti ya mwanamke inasema kompyuta imeingiliwa, usiizime, piga namba hii sasa hivi. Mzee ameshika simu, anaandika namba, mkono unatetemeka, mtu wa presha yule. Nikamwambia weka simu chini kwanza. Kijana wetu akabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ikaja orodha, akachagua brauza akaifunga, kelele ikakatika pale pale. Hapakuwa na virusi vyovyote, ulikuwa ni ukurasa wa mtandao tu uliotengenezwa kutisha watu, na hiyo namba angepiga wangemwambia aweke programu ya kuwafungulia kompyuta wakae ndani wenyewe.

Lakini haikuishia hapo. Kila baada ya dakika chache kwenye kona ya chini kulia kinatokea kisanduku, eti una virusi vitano, eti antivairasi yako imeisha. Ile tulihangaika nayo wiki mbili. Ilikuwa ni tovuti alizozibonyezea Allow akidhani ndio ruhusa ya kusoma habari. Unaingia kwenye settings za brauza, sehemu ya notifications, unaziona zote zimejipanga, sisi tulikuta 14, tukaziondoa moja moja. Wenye wazee nyumbani wakagulieni hapo tafadhali, dakika tano tu, maana kinachowapata wazee wetu ni ile hofu, na mtu akishaogopa atatoa chochote atakachoulizwa.

Wa Shela, Lamu

Mie nataka kuwakumbusha kwamba si kila ugonjwa ni virusi, hasa kwetu huku pwani. Kompyuta yangu ya mezani iliacha kuwaka, inapiga pi pi pi, skrini nyeusi. Nikaambiwa virusi, nikaambiwa ubao mkuu wa ndani umekufa ninunue kompyuta nyingine. Dirisha langu linatazama bahari na kusi likivuma chumvi inaingia mpaka kwenye vikombe. Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu, nikatoa ile RAM, kibao kidogo cha kumbukumbu, na miguu yake ya shaba ilikuwa imeingia utando wa kijani kibichi kama senti ya kale. Nikaisugua taratibu kwa raba ya penseli, ile laini nyeupe, nikaipangusa, nikairudisha mpaka ikalia ta. Ikawaka.

Na jambo jingine, tovuti zote zilinigomea hata eCitizen, ile ya huduma za serikali ya Kenya, kila nikifungua naambiwa si salama, nikasema hii imeingiliwa kweli. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa imerudi mwaka 2015, maana betri ndogo ya ndani, ile duara ya CR2032, imekufa, na tarehe ikiwa mbovu brauza haiamini vyeti vya tovuti yoyote. Shilingi 150 tu. Kabla hujamlaumu virusi tazama tarehe.

Kijana, Ngala, Malindi

Mimi nilikuwa nimezima apdeti za Windows ili nisimalizie bando. Wengi tunafanya hivyo. Lakini ile WannaCry, virusi vya kufunga mafaili vya Mei 2017, iliyofunga mpaka hospitali za Uingereza, kiraka chake Microsoft walikitoa Machi mwaka huo huo, waliopata hasara ni ambao hawakuweka. Sasa nasubiri wikendi naenda kwa mjomba mwenye waifai naapdeti pale. Na mlio bado na Windows 10 ujueni msaada wake ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Fundi, Maweni, Malindi

Dada wa Langoni nisome vizuri. Hizo dola 980 na 490, hizo herufi nne, hilo dirisha la apdeti la uongo, hiyo ni familia inaitwa STOP, wengine huiita Djvu, na mlango wake mkubwa ni krak. Nimeiona kwa wateja wengi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Usilipe.

Kwanza, kata intaneti na ukague mashine yote kwa Defender mpaka isafike, kwa sababu mdudu huyu hujiwekea ratiba ya kuamka tena kila dakika 5, ukimwacha ukaweka faili jipya na lenyewe atalifunga. Ukiona tovuti za antivairasi hazifunguki ni yeye ameandika kuzizuia kwenye faili la hosts, lile la Windows la kuelekeza anwani za tovuti. Pili, na hili lifanye leo leo kwa simu si kwa laptopu hiyo, badilisha pasiwedi zako zote, imeili, benki, mitandao, kwa kuwa mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba pasiwedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Tatu, nakili mafaili yote yaliyofungwa kwenye diski ya nje, na kazi yoyote uifanye kwa nakala, asili usiiguse.

Halafu tazama chini ya ile _readme.txt kuna ID yako, mfululizo wa herufi na namba za kukutambulisha. Ikiishia na t1 basi alifunga bila kufika kwenye seva yao, kompyuta yao ya mtandaoni, na Emsisoft, kampuni ya antivairasi, wana kifunguzi cha bure, hicho huenda kikakufungulia. Ikiwa haiishii hivyo picha zako siwezi kukudanganya, zihifadhi tu.

Lakini sauti! Hapa ndipo nataka usikate tamaa. Mdudu huyu ana haraka, hafungi faili zima, anafunga mwanzo wake tu, kama KB 150. Rekodi ya simu ya mp3 ikiwa ni 128 kbps, yaani kilobiti 128 kwa kila sekunde, hizo ni kama sekunde 9 na nusu za mwanzo. Yote yaliyobaki yamo humo ndani mazima. Kuna programu ya bure inaitwa Media_Repair ya DiskTuna, ielekeze kwenye nakala. Jaribu faili moja kwanza ndio uje utuambie.

Wa Langoni, Lamu

Nimerudi. Nilisafisha mashine, pasiwedi nimebadilisha. ID yangu haikuishia na t1, kwa hivyo picha na hesabu za duka bado zimefungwa, nimeziweka kwenye diski pembeni kama ulivyosema. Kisha nikajaribu faili la kwanza la bibi, mikono baridi.

Likasema. Sauti ya bibi, upepo nyuma, katikati ya ubeti, kama vile mtu amefungua mlango akamkuta ameshaanza. Nikamwita mama. Tukakaa mpaka alfajiri, mafaili 29 yamerudi. Mawili hayakurudi hata kidogo maana yalikuwa mafupi mno, sekunde nne tano, nilikuwa najaribu simu tu na bibi anauliza, "Yashika hiyo?"

Tendi zote zimepoteza bismillahi na beti za mwanzo mwanzo. Mama anazijua, jana ameziandika kwa mkono wake kwenye daftari, mbili anasema hana hakika nazo, tutamuuliza mama mdogo aliye Malindi. Fundi, Mungu akulipe, sina neno jingine. Nimenunua diski mbili, moja iko kabatini kwa mama na ya pili inavuka kesho asubuhi kwenda Mokowe kushika basi la Malindi, mama mdogo atakuwa stendi kuipokea.