Mama hawezi kuongea tangu apate kiharusi, na mimi naishiwa nguvu. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nipo Tanga, namuuguza mama, ana miaka 63. Mwaka jana alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mkono wa kulia umeanza kurudi, maneno bado. Daktari alituambia ni afasia: akili ipo, ila neno analolitaka halitoki. Akitaka chumvi anasema "kesho". Nikimletea maji anapiga meza, halafu machozi. Cha ajabu, "alhamdulillahi" inatoka nzima kabisa! Majirani wakaanza maneno ya kurogwa, huko sitaki kwenda.

Nimemchorea daftari la picha: chai, choo, dawa. Anaonyesha kwa kidole, inasaidia kidogo.

Shida sasa ni mimi. Genge langu nimefunga. Usiku silali, nasikilizia. Kaka zangu wapo Dar na Mwanza, hela ya dawa wanatuma, sikatai, lakini simu ni "mama anaendeleaje?" tu. Juzi nilimfokea kisa kijiko. Akaniangalia, akashindwa hata kunijibu. Nilijifungia chooni nikalia.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi, mlipumzika vipi? Niwaambieje kaka zangu waje kwa zamu bila kuonekana nimemchoka mama? Na aliyewahi kufika kwa mtaalamu wa tiba ya usemi anielekeze mazoezi ya kufanya nyumbani, maana kwenda mara kwa mara sitaweza.