Nimeitwa kuwa mshauri wa mafunzo ya epidemiolojia Msumbiji, nijitayarishe vipi?

Afisa_Mkoani: Asalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni afisa wa ufuatiliaji wa maradhi hapa Pemba. Nilisoma ile programu ya miaka miwili ya epidemiolojia ya uwandani, yaani kuchunguza maradhi yanavyoenea huko huko yalipo, Bara. Sasa nimeitwa Msumbiji niwe mshauri mkaazi, anayekaa huko huko na kuwaongoza vijana wanaosoma mafunzo kama hayo. Kufuatilia mripuko najua. Kukaa pembeni mwengine akafuatilia, hilo sijapata kulifanya, na ndilo linaloninyima usingizi.

Mshauri wetu kutoka nje alikuwa hodari na mwenye huruma. Lakini ripoti ikichelewa, huivuta kompyuta kwake akaandika mwenyewe. Alipoondoka ukaja mripuko wa kuharisha. Tulikaa na orodha ya wagonjwa mbele yetu, safu ya umri, ya shehia, ya siku ya kuanza kuumwa, na hakuna aliyethubutu kuandika sentensi ya mwanzo. Sitaki kuwaacha watu hivyo. Nina miezi mitatu tu kabla ya kuondoka.

BiNesi_Wete: Waaleykum salaam mwanangu. Nimesimamia wanafunzi wa ngazi ya mwanzo, ile ya miezi mitatu. Akikuletea rasimu usishike kalamu. Muulize: wangapi, nani hao, wapi, lini, na wewe wadhani maradhi wameyapatia wapi? Kisha nyamaza. Mie nilikuwa nafumbata mikono chini ya kanga nisije nikamnyang'anya karatasi. Anza hapo hapo ulipo: mtafute kijana wa kituo cha afya, ripoti ya wiki aandike yeye.

Kizimkazi77: Na Kireno, kaka. Usidanganywe na jina. Msumbiji kuna mji nao unaitwa Pemba, na Kimwani cha pwani ile utakishika kidogo, lakini ofisini Maputo ni Kireno. Tena uliza mapema kabisa: takwimu ni za nani, na ripoti inatoka kwa idhini ya nani? Mgeni akizituma nje bila wizara yao kujua, hawamwamini tena.

Mchakachake: Bi, kunyamaza kuna mpaka wake. Kisiwa Panza, hapa hapa kwetu Pemba, Machi 2024, nyama ya kasa iliua watoto 8 na mtu mzima mmoja. Siku kama ile humwachi mwanafunzi apapase. Kwanza watu waambiwe wasile, somo baadae.

BiNesi_Wete: Kweli kabisa mwanangu. Basi wakubaliane kabla, siku ya kwanza: likitokea la kuua, mshauri atasema nini na nani atampigia nani simu.

Afisa_Mkoani: Ahsanteni sana. Hilo la siku ya kwanza sikuwa nimeliwaza. Swali moja tu: nichukue mifano ya miripuko yetu nikafundishie?

BiNesi_Wete: Chukua mmoja, wakujue umetoka wapi. Iliyobaki waombe ripoti zao wenyewe za kipindupindu, nao wamepigwa nacho mara nyingi. Zisome kabla hujapanda ndege.