Kurudisha pakiti za Ubuntu nyuma, duka linafunguliwa kesho!

Kijana_wa_Kondele: Wadau, nimekwama. Jana usiku nilipandisha matoleo ya programu kwenye Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux), pakiti 83. Leo mfumo wa mauzo wa duka fulani la dawa haufunguki. Nipeni amri ya kurudisha zote zilivyokuwa. Mwenyewe anafungua saa mbili asubuhi na hajui kitu.

Ngege64: Amri moja wanayo watu wa Fedora, ile Linux nyingine: dnf history undo. Kwa apt, kiingizaji programu cha Ubuntu yako ya 22.04, ni pakiti moja moja. /var/log/apt/history.log inaonyesha toleo la zamani na jipya. Unapiga apt install jina=toleo, kisha apt-mark hold lisipande tena. Hazina ya Ubuntu haiweki matoleo ya katikati, utayatafuta Launchpad, tovuti inayotunza matoleo ya zamani ya Ubuntu. Kati ya hizo 83 kuna hifadhidata, programu inayotunza rekodi za mauzo?

OmenaKavu: Mimi sasisho liliniulia printa. Hadi leo nachapa kwa jirani, shilingi 10 ukurasa.

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, mashine ya mtu haiguswi bila ruhusa. Mwanangu alinifutia picha za harusi namna hii hii.

Ngege64: Nimeuliza hifadhidata.

Kijana_wa_Kondele: Iko, MySQL. Lakini hiyo msijali, deb (faili la pakiti) ya zamani nimeshaipakua, nangoja kuiingiza tu. Na sikukosea, zilikuwa sasisho za usalama.

Ngege64: Ngoja! MySQL 8.0 hairudishwi nyuma, hata kutoka 8.0 moja hadi 8.0 iliyotangulia. Dawa ni nakala ya kabla ya kupandisha. Unayo?

Kijana_wa_Kondele: Ya mwezi wa tatu.

OmenaKavu: Wueh.

Jicho: Huyu anatupiga fiksi. Jana Kondele stima zilipotea saa nne usiku hadi alfajiri, nilikuwa gizani mimi. Alipandisha kwa koroboi?

Kijana_wa_Kondele: Si fiksi. Seva ni laptopu, betri yake imechoka. Ilizima katikati.

Ngege64: Na hilo ulilificha la nini? Pengine hata huhitaji kurudi nyuma, kazi ilikatika tu. Zima MySQL, nakili /var/lib/mysql yote, ndimo data ilimo, kwenye flashi. Halafu imalizie kazi iliyokatika: sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Ile deb achana nayo.

Jicho: Duka la dawa kwa laptopu isiyo na betri. Bado siamini.

Kijana_wa_Kondele: Nimenakili. Inaenda... imefika mysql-server-8.0, imesimama dakika nne sasa. Niizime?

Ngege64: USIGUSE KITU.