Koo linauma siku ya tatu na mafindofindo yana madoa meupe: nianze antibayotiki?

Muulizaji
Habari zenu. Nina umri wa miaka 34. Tangu juzi koo linaniuma kiasi kwamba hata kumeza mate ni kazi, na jana usiku homa ilifika nyuzi 38.4. Asubuhi nilimulika kinywa kwa tochi ya simu mbele ya kioo, nikaona mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe. Sina mafua wala kikohozi. Nimebakiwa na vidonge saba vya amoksilini. Je, madoa hayo yanatosha kunifanya nivimeze?

Tabibu
Pole sana, ndugu. Madoa peke yake hayatoshi, kwa sababu virusi, hasa vya Epstein-Barr, navyo huweka utando mweupe kwenye mafindofindo. Kwa watu wazima maumivu mengi ya koo hutokana na virusi. Bakteria wa streptokoka kundi A hukutwa kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Ndiyo maana tunahesabu dalili nne: homa iliyozidi nyuzi 38, utando au uvimbe wa mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikibonyezwa, na kutokuwa na kikohozi. Mwenye moja au asiye nayo hata moja hahitaji kipimo wala antibayotiki. Wewe unazo tatu, na shingo hujaitaja. Bonyeza taratibu chini ya pembe za taya. Hata zikitimia zote nne, ni kama nusu tu ya wagonjwa wanaokutwa na streptokoka, kwa hiyo nenda ukachukuliwe sampuli ya koo kwa kijiti cha pamba. Akipatikana bakteria huyo, tiba ya kawaida ni penisilini au amoksilini kwa siku 10, ilhali vidonge vyako, ukimeza viwili kwa siku, vitaisha siku ya nne. Kusubiri majibu kusikutie hofu: dawa ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado huzuia homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo.

Mfamasia
Naongezea jambo ninalolishuhudia mara nyingi. Mwenye virusi vya Epstein-Barr akimeza amoksilini, ambayo ni ya jamii ya penisilini, huweza kutokwa na vipele mwili mzima, kisha huandikiwa kwamba ana mzio wa penisilini ilhali hana, na jambo hilo humfuata miaka mingi. Kwa maumivu, tumia paresetamoli isiyozidi gramu 4 kwa siku, ukihesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua, au ibuprofeni iwapo huna vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo.

Msomaji
Mimi niliumwa upande mmoja tu, nikapuuza. Siku ya tano kinywa hakikufunguka zaidi ya upana wa kidole, sauti ikawa ya mtu mwenye tonge la moto mdomoni, na kimeo kilikuwa kimesukumwa pembeni. Lilikuwa jipu nyuma ya findo, likanyonywa usaha kwa sindano. Ukiona hayo, au mate yakidondoka kwa kushindwa kumeza, au pumzi ikitoa mlio, usingoje kukuche.

Muulizaji
Nawashukuru. Tezi za shingo zilikuwa zinauma kweli, lakini kipimo hakikuonyesha streptokoka. Nimepewa ibuprofeni, nasukutua maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na nimeambiwa nirudi nisipopona ndani ya wiki moja. Vile vidonge saba nimevipeleka famasi viteketezwe.