Wagosi wa Coastal Union, Agosti ile ya 2024 tuliangushwa Afrika na kukosa uwanja wetu wa Mkwakwani, Tanga, au na maandalizi?

Kahawa ya Getini:
Assalaam aleikum wagosi, na wasio wagosi pia. Nauza kahawa chungu na kashata nje ya Mkwakwani. Birika nimerithi kwa marehemu baba, ambaye mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa nchi aligawa kahawa bure mpaka makaa yakazimika. Nimekulia kwenye hadithi hiyo. Kwa hiyo tulipomaliza nafasi ya nne msimu wa 2023/24 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, nilikwenda kaburini kwake nikamweleza.

Tiketi ile hatukuokota. Ni kweli Yanga kuchukua ligi na Kombe la FA pamoja ndiko kulikoifanya nafasi ya nne iwe ya Afrika, lakini nafasi yenyewe tuliipata kwa ukuta wetu. Ley Matampi aliibuka kipa bora wa ligi akiwa na jezi yetu, si ya Simba wala ya Yanga.

Basi tukapangwa raundi ya awali na Bravos do Maquis wa Angola. Kule kwao tukala tatu bila. Marudiano yakawa Dar es Salaam, si Tanga. Nilipanda basi alfajiri pale Kange, nikiwa na skafu nyekundu na nyeupe aliyonishonea mke wangu. Tukatoka 0-0, safari ya Afrika ikaishia hapo. Nilikaa jukwaani mpaka watu wakaisha, nikawa natazama viti vitupu na kujiuliza: viti hivi vingekuwa Mkwakwani, vimejaa watu wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora, tungeshindwa kupata hata bao moja?

Na haikuishia Afrika. Oktoba tulicheza na Yanga kama wenyeji, Arusha. Machi 2025 tukawa wenyeji wa Simba, Arusha tena. Moja bila, halafu tatu bila, zote tumefungwa. Mtu anasema "nyumbani" na nyumbani kwenyewe kuko chini ya Mlima Meru! Mimi birika limekaa baridi, hilo navumilia. Linaloniuma ni timu kuzunguka kama haina kwao.

Naomba wanaoujua mpira wanijibu: tatizo lilikuwa uwanja, au kuna kitu sikioni?

Mgosi wa Pongwe:
Shikamoo mzee wangu. Mimi pia nilikuwa Dar siku ile, na maumivu ni yaleyale. Lakini naona umeanza kuhesabu katikati. Rudi nyuma siku chache tu, kwenye Ngao ya Jamii, yale mashindano ya kufungua msimu. Kule Zanzibar Azam walitupiga 5-2. Mechi ya mshindi wa tatu, Simba wakatupiga moja. Kisha Angola, tatu. Jumlisha: mabao tisa kwenye mechi tatu, ndani ya mwezi mmoja, kwa timu iliyofika Afrika kwa sababu ilikuwa ngumu kufungika!

Mkwakwani isingezuia mabao ya Zanzibar wala ya Angola. Ukuta ulikuwa umeshabomoka kabla hatujaulizana marudiano yachezwe wapi. Raundi ya awali mwaka ule ilichezwa Agosti, ligi haijachanganya, wachezaji bado wanatafuta pumzi na kuzoeana. Simba na Yanga wanaijua kalenda hiyo kwa sababu wako humo kila mwaka. Sisi tuliingia kama mtu anayefika shambani mvua imeshanyesha, jembe bado halina mpini.

Ushahidi mwingine: Oktoba 4 tulikwenda kwa Simba, wakatangulia mabao mawili, tukarudisha yote, 2-2. Ugenini! Timu ilikuwa na moyo, ila ulichelewa kuamka kwa wiki sita.

Msimbazi wa Raskazone:
Mimi ni Simba, mnaniruhusu? Nyumbani kwetu baba ni Coastal na mama ni Coastal, kwa hiyo naandika kwa heshima.

Nataka kumuunga mkono mzee wa kahawa kwa mfano wetu wenyewe. Msimu uleule, kombe lilelile. Robo fainali Al Masry walitufunga 2-0 kwao Misri. Tukarudi Uwanja wa Mkapa, Dar, tukapindua meza 2-0, penalti tukashinda 4-1. Nilikuwepo, masikio yalinilia siku mbili. Fainali, RS Berkane wakatufunga 2-0 kwao Morocco. Deni lilelile kabisa. Safari hii marudiano yakahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Tulipata bao mapema, tukaamini, mwisho wakasawazisha, 1-1. Kombe likaenda.

Wazanzibari walitupokea vizuri, sina neno nao. Nusu fainali tuliwafunga Stellenbosch palepale. Ila nakwambia, ile kelele ya Mkapa ina uzito wake, na mchezaji wa timu ngeni huubeba miguuni.

Mgosi wa Pongwe:
Kaka, Berkane walikuwa wameshalibeba kombe hilo 2020 na 2022. Usiwapime na Al Masry ukadhani kilichobadilika ni uwanja tu.

Binti Makorora:
Kuna jambo hamjaligusa: Bravos wenyewe. Huku mtaani tulisema tumetolewa na timu isiyojulikana. Mimi niliwafuatilia baadaye. Waliingia hatua ya makundi, kundi moja na Simba. Simba iliyokuja kucheza fainali iliwafunga kwa bao moja tu hapa, tena la penalti, na kule Angola wakatoka 1-1. Kundi likaisha wakiwa wa tatu, juu ya CS Sfaxien wa Tunisia, waliowahi kulitwaa kombe hili mara tatu.

Na Bravos si klabu ya jiji kuu. Kwao ni Luena, mashariki kabisa ya Angola, mbali na bahari. Ni timu ya mkoa kama sisi. Tungejifunza kwao badala ya kuona aibu.

Kahawa ya Getini:
Ahsanteni sana wanangu. Mgosi wa Pongwe umenibana na hayo mabao tisa; nilikuwa nayaona moja moja, sikuwahi kuyaweka kapu moja. Nakubali, deni lile la Angola halikutokana na uwanja. Binti, habari ya Luena nitaisimulia kesho kijiweni, wapo wazee watakaotaka kuisikia.

Lakini sijaliachia lote. Siku ile Dar, Bravos walicheza dakika tisini bila kutetemeka hata kidogo. Mwaka 2022 tulifika fainali ya FA na Yanga, Arusha hiyohiyo, Abdul Suleiman "Sopu" akafunga matatu peke yake, 3-3, tukakosa kwa penalti. Hata siku ile nilisema, ingekuwa Mkwakwani. Sasa swali langu nalipunguza: tukipata tena nafasi ya Afrika, nani anajua uwanja wetu unatakiwa kuwa na nini ili upitishwe? Taa, vyumba, nyasi? Mwenye kujua anitajie kimoja kimoja, niwapelekee wazee wa tawi letu Ijumaa baada ya swala.