Mrejesho: mashine ya kuoshea vyombo, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza ni mashine gani ya kuoshea vyombo itakayohimili maji ya kisima hapa Lamu. Ahsanteni sana.

Nilimfuata aliyesema nisitazame jina, nitazame kama ina kilainisha maji ndani yake na inataka presha ya kiasi gani. Niliyonunua huanzia presha ya baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha). Kila mita 1 ya kimo ni kama baa 0.1, yaani mita 5 zatosha, na tangi letu liko juu ya paa, jiko chini kabisa, basi maji yanaingia bila pampu. Ilivushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, vichochoroni ikasukumwa kwa mkokoteni, watoto nyuma kama harusi.

Naitilia chumvi yake maalum ya kilainisha. Ya mezani sithubutu. Sahani na vijiko vinatoka safi, hata mafuta ya samaki hayabaki. Glasi ndizo bado zina ukungu mweupe ukingoni: kilainisha kinaondoa ugumu wa maji (chokaa), si chumvi ya kisima. Nazisuuza kwa maji ya mvua tuliyoyakinga birikani, tangi la nyumbani.

Sufuria la pilau haliingii. Ukoko tunasugua wenyewe.